Sauti Haina Mtaa

Chamsudine hakuwa na baba. Hakuwa na shamba, wala mnazi mmoja wa kusema huu ni wangu. Nyumba hakuwa nayo. Alipanga chumba na kipande cha uani kwa Dona Ilda, nyuma ya soko la Palma, na hapo uani, chini ya mabati manne na turubai moja, ndipo ilipokuwa karakana yake. Cheti cha ufundi hakuwa nacho, maana ufundi alifundishwa na njaa. Hakuwa na jino moja la mbele, lililong'olewa na mkono wa kiki ya pikipiki alipokuwa na miaka kumi na minne. Yeye fundi wa pikipiki hakuwa na pikipiki. Wala hakuwa na ndugu mjini pale, kwa kuwa kwao ni Quiterajo, na wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Hayo yote alikwisha kuyazoea. Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja tu: hakuwa na mzee wa kumpelekea barua.

Barua yenyewe ilikuwapo. Ilikuwa wiki ya tatu sasa imelala ndani ya sanduku la spana, imeviringishwa katika mfuko wa nailoni isishike oili, na bahasha yake bado iko wazi. Ilikuwa barua ya posa. Na posa, kwa watu wa pwani ile, mposaji haendi nayo mwenyewe kama mtu apelekaye samaki sokoni. Huenda mtu mzima mwenye heshima zake, avue viatu mlangoni, asalimie, aulize habari za mvua na za mihogo, kisha ndipo aitoe mfukoni kama aliyeikumbuka tu. Bila mtu huyo, barua ni karatasi.

Aliyekuwa akiposwa ni Dalila.

Dalila aliingia uani kwa Dona Ilda mara ya kwanza akisukuma pikipiki. Zamani ilikuwa nyekundu. Siku hiyo ilikuwa na rangi ya kutu. Ilikuwa mali ya baba yake, marehemu Jamaldine, mchuuzi wa samaki wakavu, aliyeiendesha miaka ishirini kati ya Palma na Pundanhar, akienda na samaki na kurudi na mahindi. Alipougua iliachwa nje, mvua za msimu mzima zikaishia juu yake. Alipofariki, ukoo ukaamua iende kwa kaka yake mkubwa, Mzee Ibraimo, mkulima wa Pundanhar. Lakini kwanza itengenezwe.

"Mestre," Dalila alimwambia, akimwita kwa cheo ambacho mafundi wote wa Palma huitwa, "nataka iwe vile vile. Isiwe nzuri kuliko ilivyokuwa. Vile vile."

Chamsudine akaitazama pikipiki, kisha akamtazama aliyeileta, na akachelewa kuyarudisha macho kwenye pikipiki.

Ilikuwa kazi ya miezi miwili. Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Akailoweka kwa dizeli siku nne, akiigonga kwa kipande cha mti, pole pole, kama mtu abishaye hodi kwa mgonjwa. Kabureta aliifungua mara sita. Kila Alhamisi Dalila alikuja kutazama maendeleo. Mwanzo alisimama mlangoni. Baadaye akawa anakaa juu ya kreti iliyopinduliwa, akisugua mnyororo kwa brashi katika beseni la mafuta ya taa, na kusimulia habari za baba yake. Siku moja mikono yao ilikutana ndani ya beseni lile, na hakuna aliyeharakisha kuutoa wake.

"Mbona ukicheka unafunika mdomo?" Dalila alimwuliza.

"Nina pengo."

"Nimeliona siku ya kwanza. Cheka tu. Nyumba isiyo na dirisha ina joto."

Tangu siku hiyo Chamsudine alicheka mdomo wazi.

Katika bomba la moshi alikuta kitu. Kilikuwa kibomba kifupi, kama kidole gumba, kimetobolewa matundu saba kwa msumari na kuchomekwa ndani kabisa. Sérgio, mchomeleaji kutoka uwanda wa juu aliyeshirikiana naye uani, alikipokea, akakigeuza, akacheka.

"Tupa hiki. Nakuchomelea bomba jipya, litalia kama la gavana."

"Alikiweka mwenyewe," alisema Chamsudine. "Nitakirudisha."

"Unamtengenezea marehemu?"

"Namtengenezea binti yake."

"Hilo nalijua. Hata mbuzi wa Dona Ilda wanalijua."

Basi akakisugua masizi, akakirudisha mahali pake. Na pikipiki ilipowaka mara ya kwanza, ililia kwa sauti nzito yenye mikwaruzo, na ilipozimwa ilikohoa mara tatu kabla ya kunyamaza. Chamsudine alifurahi. Hakujua amefufua nini.

Sasa, mjane wa marehemu, Mama Awa, alikuwa eda. Alikaa ndani katika nguo nyeupe, asionwe na wanaume, akihesabu miezi minne na siku kumi zake. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa. Mzee Nurdine, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia nyumba. Alikuja karakana mara moja tu, akasimama mbali na oili, akaagiza: "Hiyo pikipiki isipite mtaa wetu mpaka shemeji atoke eda. Umenielewa, mestre?"

Chamsudine alielewa kama fundi anavyoelewa: isionekane.

Siku ya Jumatano, baada ya sala ya alasiri, aliitoa kuijaribu, maana fundi hawezi kusema kazi imekwisha mpaka chombo kimebeba mtu na kupanda kilima. Mtaa wa kina Dalila aliuepuka, kama alivyoagizwa. Alizunguka kwa nyuma, kwenye njia ya mchanga inayopita kati ya nyua za nyumba na ukuta wa msikiti. Kwenye kona, mbuzi akasimama katikati ya njia na kumtazama. Chamsudine akapiga honi mara mbili.

Mlango mmoja wa uani ukafunguka upesi, kama uliokuwa ukingoja. Akatoka mwanamke wa makamo, nguo nyeupe, miguu mitupu, mtandio umeangukia mabegani, mikono imejaa unga.

"Leo umechelewa," alisema.

Kisha akaona uso wa aliyekaa juu ya pikipiki.

Wanaume watatu waliokuwa wakitoka msikitini walisimama, wakatazama chini, kisha wakatazama tena. Mama Awa hakupiga kelele. Aliuokota mtandio wake begani, akafunika kichwa, akarudi ndani na kuufunga mlango taratibu, kama mtu afungaye chumba alimolala mgonjwa. Chamsudine akazima. Pikipiki ikakohoa mara tatu.

Asubuhi ya pili yake Mzee Nurdine alikuwa karakana kabla ya mabati kupata joto.

"Shikamoo, Mzee Nurdine."

"Iache shikamoo yako hapo hapo ilipo. Nilikwambia nini?"

"Isipite mtaa wenu. Haikupita, mzee. Nilizunguka kwa nyuma."

"Ulizunguka kwa nyuma." Nurdine alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja ukwaju. "Na kaka yangu, mwenye tenga la samaki linalonuka, miaka ishirini alikuwa anaingilia wapi? Mlango wa mbele, apite katikati ya wageni?"

Chamsudine akaikumbuka ile njia ya mchanga. Ndipo alipoelewa.

"Alikuwa akifika kwenye ile kona anapiga honi mbili, mkewe anamfungulia. Mbili. Na wewe ulipiga ngapi?"

"Kulikuwa na mbuzi, mzee."

"Mbuzi," alisema Nurdine.

Sérgio, pembeni, aliinama ghafla kutafuta kitu ambacho hakikuanguka.

"Mjane wa kaka yangu ametoka kichwa wazi mbele ya wanaume, yumo edani. Jana magharibi msikitini walinitazama kama mimi ndiye niliyepiga honi. Na nimesikia, usidhani sijasikia, kwamba una barua humu ndani. Ikae na spana zako. Mtu asiye na kwao wala wa kumsemea, atajuaje uzito wa eda?"

"Mama yangu alikaa eda, mzee," Chamsudine alisema kwa upole. "Quiterajo. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimchotea maji."

Nurdine alimtazama upya. Lakini alikuwa amekuja na hasira njia nzima, na mtu hapendi kurudi na mzigo aliokuja kuutua.

"Kesho watakuja watu kuichukua. Isukumwe. Isiwashwe." Akaondoka.

Chamsudine akalifungua sanduku la spana, akaitoa bahasha. Sérgio alimtazama alivyoishika kwa vidole viwili, kimoja huku, kimoja kule, tayari kuichana.

"Ninyi watu wa pwani mna kazi," alisema Sérgio. "Kwetu ungepewa jembe tu, ukalime shamba la mama mkwe msimu mzima, jua likikupiga kila mtu anakuona, mambo yamekwisha. Hakuna karatasi."

"Ningelima."

"Najua ungelima. Basi usichane. Uliiandika mara sita, na mara zote sita nilikushikia taa."

Adhuhuri ilipokaribia, Dalila akaja. Haikuwa Alhamisi ya kukaa juu ya kreti, ingawa ilikuwa Alhamisi. Alisimama mlangoni kama siku ya kwanza, macho mekundu, na Sérgio akakumbuka ana safari ya kununua vijiti vya kuchomelea.

"Mama hajala tangu jana," alisema Dalila.

"Nisamehe."

"Usiniombe mimi."

"Nitakitoa kile kibomba. Nitafunga bomba jipya, sauti ile hataisikia tena. Ningejua, Dalila, ningeisukuma mpaka Pundanhar."

Dalila aliitazama pikipiki, nyekundu, imetulia kwenye kivuli. "Nilisema iwe vile vile. Nilisema tu, kama watu wanavyosema. Sikujua kuna mtu anaweza." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Unajua mimi nilifanya nini? Nilikuwa jikoni. Niliposikia honi nilinyanyuka, nikatafuta sahani yake. Sahani ya baba. Nimeishika mkononi ndipo nikakumbuka."

Chamsudine alisogea hatua moja, akasimama. Kati yao palikuwa na beseni la mafuta ya taa, na hakuna aliyelivuka.

"Sijui nikushukuru au nikuchukie," alisema Dalila.

"Chagua lolote. Lakini usiache kuja."

Akamtazama, kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa, mpaka Chamsudine akasikia masikio yake yakiwaka. Kisha akasema, "Mama anakuita. Uje nayo. Isukume mpaka uani kwetu, usiwashe. Na baba mdogo yupo, kwa hiyo funga moyo."

Aliisukuma katika jua la saa saba, Dalila akitangulia hatua kumi mbele ili watu wasipate la kusema. Uani, Mzee Nurdine alikuwa ameketi juu ya kigoda, amempa mgongo mgeni. Katika mlango wa nyumba lilining'inia pazia la kanga mbili zilizounganishwa. Nyuma ya pazia kiti kililia.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuomba radhi. Sikujua..."

"Radhi itafuata. Kwanza nijibu. Aliweka nini mle ndani? Miaka ishirini nilimwuliza mbona pikipiki yake inakohoa, akanijibu ina kifua."

Chamsudine akaeleza: kipande cha bomba la maji, urefu wa kidole gumba, matundu saba.

"Bomba la maji," sauti ilirudia. "Kumbe ndiye. Mwaka ule pampu yangu ilikatwa bomba, akaniapia ni wezi. Nikawalaani wezi mwezi mzima, naye anaitikia amina."

Dalila alicheka, akajiziba mdomo. Mabega ya Nurdine yalitikisika kidogo, lakini hakugeuka.

"Mama Dalila," alisema, "haya si mazungumzo ya mtu aliye eda."

"Shemeji, eda nakaa mimi. Niliutoka mlango kumfungulia mume wangu. Kama pana kosa hapo, nitaulizwa mimi na aliyeniumba, hutaulizwa wewe, wala huyu kijana, wala mbuzi." Kiti kikalia tena. "Mwanangu, iwashe. Mara moja. Nataka niisikie nimekaa, nikijua kwamba si yeye. Ukishamaliza, kitoe hicho kibomba. Isinidanganye tena."

Chamsudine akamtazama Nurdine. Nurdine hakusema ndiyo, hakusema hapana. Dalila akaenda kusimama kando ya pazia, akaingiza mkono ndani, na mkono wa mama yake ukaupokea.

Akapiga kiki.

Sauti nzito yenye mikwaruzo ikajaa uani, ikagonga ukuta wa msikiti na kurudi. Kuku walikimbia. Chamsudine hakuongeza moto wa injini wala kupunguza. Aliishika hapo hapo, kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni. Aliona kanga ya pazia ikitetemeka. Aliona machozi ya Dalila yakiteremka bila kufutwa, na macho yake yakimtazama yeye, moja kwa moja, mbele ya baba yake mdogo. Kwa macho yale angeweza kukaa ameshika moto mpaka mafuta yaishe.

Akazima. Pikipiki ikakohoa mara moja. Mbili. Tatu.

Aliyesema wa kwanza ni Nurdine. Alikuwa amevua kofia, ameishika magotini.

"Kwenye mchanga wa Pundanhar alikuwa ananishusha nisukume," alisema, "yeye amekaa. Namwambia, kaka, shuka na wewe. Ananijibu, nikishuka nani ataongoza?" Akaupitisha mkono usoni. "Miaka ishirini nimesukuma."



Bomba lilipopoa kiasi cha kushikika kwa kitambaa, Chamsudine alilifungua, akakivuta kibomba kwa koleo, akakifuta, akampa Dalila. Dalila akakipitisha nyuma ya pazia.

"Bado kina joto," ilisema sauti, chini sana.

Aliporudisha bomba na kuwasha tena, ilikuwa pikipiki kama nyingine zote za Palma. Ilizimika bila neno.

"Sasa ni pikipiki," alisema Mama Awa. "Shemeji, iende kwa Mzee Ibraimo kesho. Hapa haina kazi tena. Uipeleke wewe, unaijua njia."

"Nitaipeleka."

"Na huyu fundi ana barua. Nyumba hii ina eda, haipokei posa. Lakini walii wa kumwoza Dalila ni Mzee Ibraimo, naye yuko Pundanhar. Utampelekea."

Nurdine akageuka kwa mara ya kwanza. "Mimi? Mimi ndiye niliyemkataa, jana... leo asubuhi."

"Ndiyo maana. Aliyemkataa akiipeleka, hakuna atakayesema alipewa kitu."

Nurdine alimtazama Chamsudine kutoka viatuni mpaka penye pengo. "Quiterajo mlikuwa mkichota kisima gani?"

"Cha msikitini, mzee. Cha nyumbani kilikuwa na chumvi."

"Ni mbali kile, kwa mtoto wa miaka tisa."

"Nilikuwa napumzika njiani mara mbili."

Nurdine akavaa kofia yake. "Siahidi kitu. Kaka Ibraimo ni mgumu kuliko mimi. Na habari ya honi nitamweleza."

"Mweleze, mzee. Mweleze na mbuzi."

"Mbuzi nitamweleza," alisema Nurdine, na safari hii mdomo wake ulimsaliti kidogo.

Asubuhi ya Ijumaa jua lilikuta pikipiki imerudishwa mbele ya karakana, tangi limejaa, mnyororo umepakwa oili. Chamsudine aliitoa barua, akaisoma mara ya mwisho, akaomba kalamu kwa Dona Ilda na kuongeza mstari mmoja chini ya jina lake: *Pikipiki hii nimeitengeneza mimi. Ikikusumbua, Mzee wangu, niite, nitakuja Pundanhar kwa miguu.*

Gundi ya bahasha ilikuwa imekufa kwa unyevu. Sérgio akamrushia tyubu ya gundi ya kubandikia matairi. Chamsudine aliipaka nyembamba pande zote mbili, akangoja ikauke kidogo, kama anavyongoja kiraka, maana gundi ile ukiifunga na haraka zako huachia njiani. Kisha akaikandamiza kwa kidole gumba kutoka kona mpaka kona.

"Hiyo haitapitisha upepo," alisema Sérgio.

Mzee Nurdine aliipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokelewa barua ya namna hiyo, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akapapasa kuhakikisha. Dalila alikuja na chakula cha njia, mkate na samaki katika kitambaa. Alikifunga nyuma ya kiti, na alipopita karibu na Chamsudine alipunguza mwendo.

"Usifunike mdomo," alimnong'oneza.

Nurdine akapiga kiki, pikipiki ikalia sauti yake mpya isiyo ya mtu. Akaondoka akifuata njia ya nyuma. Chamsudine na Dalila walisogea mpaka pembe ya uzio kumtazama, bega kwa bega, hawagusani.

Kwenye kona ya msikiti mbuzi alikuwa amelala katikati ya njia. Nurdine alisimama. Mkono wake ulikwenda kwenye honi, ukakaa hapo. Akautazama mlango wa uani uliofungwa. Kisha akautoa mkono, akaweka mguu chini, akangoja.

Mbuzi alichukua muda wake. Alinyanyuka, akajinyoosha, akavuka. Ndipo Mzee Nurdine, bila kelele, akaondoka na barua.